Shantie za Bukavu: kwa nini fundi anajua hatari na anapanda tu?

Ukitembea Bukavu, iwe Ibanda, Kadutu ao Bagira, dakika kumi hazipiti bila kuona nyumba yenye inapanda. Etaje mbili, tatu, ingine ine, juu ya mteremko wenye hata mbuzi anaupanda kwa shida. Kule juu masoni amesimama juu ya mbao moja, miguuni kambambili, kichwani kofia ya nguo. Chini yake mama anapita na mzigo wa mchanga, na watoto wanatoka masomo. Hakuna kaske, hakuna kamba, hakuna kitu chenye kinazuia mtu kuanguka.

Watu wengi wanahukumu haraka: «Mafundi wetu ni wabishi, hawapendi kinga.» Jibu hilo ni rahisi, lakini haliendi mbali. Masoni mwenye miaka kumi ya kazi anajua hatari kuliko mimi na wewe. Ameona wenzake wakianguka. Anajua mbao gani imeoza na ukuta gani haujakauka. Swali la kweli ni hili: kama anajua, kwa nini anapanda?

Hapa tunaeleza mambo matatu: hatari zenyewe, sheria ya nchi yetu inasema nini, na sababu zenye zinafanya sheria hiyo ibakie kwenye karatasi. Kisha tutaona kile chenye kinaweza kubadilika bila kungojea pesa mingi.

Nini kinaumiza watu kwenye shantie?

Ya kwanza ni kuanguka. Wengi wanaogopa etaje ya tatu, lakini hawaogopi metre 3. Basi tufanye hesabu. Mtu mwenye anaanguka kutoka metre 3 anafika chini mbele sekunde moja haijaisha, na mwendo wake ni karibu kilometre 28 kwa saa, kama vile pikipiki imemgonga barabarani. Hana nafasi ya kujigeuza wala kushika kitu. Na chini ya shantie si majani: ni mawe, vyuma, misumari.

Eshafodaje zetu nyingi zinafanywa na miti ya eucalyptus, ile tunaita stiki, yenye inafungwa na misumari ao kamba. Stiki si kitu kibaya. Eshafodaje ya miti inaweza kuwa imara kama miti ni mizima, imekazwa kwa kukingamanisha mingine, na imefungwa kwenye ukuta. Shida inakuja wakati miti ileile inatumika shantie tano, mvua inainyeshea, misumari inang'olewa na kurudishwa, na fasi ya kukanyaga ni mbao moja tu yenye haikufungwa. Fundi anarudi nyuma hatua moja ili aangalie kama ukuta umenyooka. Nyuma yake hakuna kitu.

Ya pili ni udongo. Bukavu ni mji wa milima, na kila mwenye kujenga anaanza na kukata mteremko ili apate fasi ya tambarare. Vijana wanachimba chini ya ukuta wa udongo wenye unazidi urefu wao mara mbili. Metre cube moja ya udongo inaweza kufikia tone moja na nusu, na kama mvua imenyesha, inazidi. Mtu mwenye amefunikwa mpaka kifuani, hata kama kichwa kiko inje, anaweza kufa, sababu kifua hakipati nafasi ya kuvuta pumzi. Ndio maana wakati wa mvua, udongo wenye ulisimama vizuri jana unaweza kushuka leo bila kutoa alama.

Ya tatu ni dale, na hapa wengi hawafanyi hesabu. Chukua chumba cha metre 4 kwa metre 5. Ukimwaga dale ya sentimetre 15, hiyo ni metre cube 3 za beto. Uzito wake unapita tone 7. Siku ile ya kumwaga, tone hizo zote zinasimama juu ya stiki na mbao, na juu yake tena wako watu kumi ao zaidi wenye wanapitishana ndoo. Stiki moja yenye imesimama juu ya udongo laini ikizama, mzigo wake unahamia kwa jirani yake, na jirani naye anashindwa. Hatari ingine ni kutoa stiki mapema ili zipelekwe shantie ingine. Beto inakauka juu haraka, lakini nguvu yake inakuja polepole. Wajenzi wanahesabu siku 28 ili ifikie nguvu yenye ilipangwa.

Kuko pia hatari zenye haziui siku moja. Simenti yenye maji inachoma ngozi. Mtu anaona mikono imepasuka anafikiri ni uchovu tu, kumbe ni simenti. Vumbi inaingia kwenye mapafu miaka na miaka. Msumari wenye kutu unaweza kuleta tetanosi. Na pale nyumba inapanda karibu na waya za SNEL, fundi mwenye kusimamisha chuma kirefu anaweza kugusa waya bila kuiona.

Kaske si kinga ya kwanza

Tukisema usalama, wengi wanafikiri kaske. Kaske ni muhimu: tofali ikiponyoka etaje ya pili, kaske inaweza kuokoa kichwa. Lakini kaske haimzuii mtu kuanguka, na haimsaidii mwenye amefunikwa na udongo.

Watu wa usalama wa kazi wanafuata mpango huu, na unafaa kila masoni aujue. Kwanza, uliza: hatari hii tunaweza kuiondoa kabisa? Kwa mfano, vyuma vinaweza kukatwa na kufungwa chini, kisha vikapandishwa, kuliko mtu kukaa juu siku nzima. Pili, kama hatuwezi kuiondoa, tunaweza kuizuia? Hapo ndipo kunakuja mbao za pembeni kwenye eshafodaje, fasi ya kukanyaga yenye mbao tatu ao ine zenye zimefungwa, mteremko wenye unakatwa kwa ngazi kuliko kukatwa wima, na kamba yenye inazuia wapita njia. Tatu, ndipo tunamvalisha mtu: kaske, boti, glavu, mshipi wa kujifunga.

Sisi mara nyingi tunageuza mpango huo. Tunampa mtu kaske, tunamsimamisha juu ya mbao iliyooza, kisha tunasema tumemlinda.

Sheria inasema nini?

Congo haikosi sheria. Sheria ya Kazi (Code du travail) ni ile nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, na ilibadilishwa kwa sehemu tarehe 15 Julai 2016. Ndani yake kuko sehemu nzima juu ya afya na usalama wa wafanyakazi. Inamwomba patroni apange kazi kwa njia yenye hailetei wafanyakazi hatari, na inaomba kuwe kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Ofisi ya Inspection du Travail ndio yenye haki ya kuingia mahali pa kazi, kuangalia na kuandika makosa.

Sheria hiyo inagusa pande zote mbili. Patroni mwenye anaacha usalama wa mfanyakazi uingie kwenye hatari kubwa, yenye mfanyakazi hakuweza kuijua wakati wa kuandikwa kazi, anahesabiwa kuwa amefanya kosa zito. Lakini mfanyakazi naye, kama anahatarisha usalama wa kazi ao wa wenzake kwa kutojali, anahesabiwa vile vile. Kwa hiyo masoni mwenye anang'oa mbao ya pembeni sababu inamsumbua, kisha mwenzake anaanguka, hawezi kusema ni kosa la patroni peke yake.

Kuko pia CNSS, ile zamani tuliita INSS. Kati ya kazi zake ni kusaidia mwenye ameumia kazini, na familia ya mwenye amekufa kazini. Mchango wa sehemu hiyo ya ajali za kazi ni 1,5 % ya mshahara, na unalipwa na patroni peke yake. Haikatwi hata franka moja kwa mfanyakazi. Hata ajali ya njiani, kutoka nyumbani kwenda kazini, inaingia ndani.

«Hiyo ni ya watu wa kampuni kubwa,» utasikia. «Sisi ni ba journaliers.» Hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao bila kujua. Sheria ya Kazi inamtaja mtu wa siku kwa siku. Inasema kwamba kama umekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili kwa patroni mmoja, na anakuchukua tena mbele miezi hiyo miwili haijaisha, kazi yako haihesabiwi tena kama ya siku moja. Inahesabiwa kama mkataba usio na mwisho. Masoni mwenye anafanya siku sita kwa juma anafikisha siku 22 mbele mwezi haujaisha. Kwa hiyo wengi wenye wanaitwa journaliers kwenye shantie za miezi sita si journaliers tena mbele ya sheria. Wanakosa tu kitu kimoja: ushahidi.

Basi kwa nini sheria haifuatwi?

Sababu ya kwanza ni mlango wa shantie saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pale inje kuko vijana kumi wenye wanatafuta kazi ya siku. Masoni mwenye anasema «mbao hii sipandi» anajua kijana mwenye kusimama nyuma yake atapanda. Anajua pia kwamba nyumbani wanangoja unga wa mangaribi. Mtu huyu hajachagua hatari. Amelinganisha hatari yenye inaweza kuja na njaa yenye itakuja kweli leo jioni.

Sababu ya pili ni kazi ya forfe. Mwenye nyumba anapatana na injenieri, injenieri anampa tasheroni, tasheroni anatafuta mafundi na kuwapa bei moja kwa ukuta mzima ao dale nzima. Wakimaliza mbio, wanapata faida. Kujenga eshafodaje nzuri kunaweza kula nusu siku. Nani analipa hiyo nusu siku? Hakuna. Kwa hiyo kila saa ya usalama inatoka kwenye mfuko wa fundi mwenyewe. Ukimlipa mtu kwa mbio, usishangae akikimbia.

Sababu ya tatu inatoka kwenye mnyororo huohuo. Ukiuliza mwenye nyumba, anasema: «Nilimpa injenieri kazi yote.» Injenieri anasema tasheroni ndiye mwenye watu. Tasheroni anasema bei yenye alipewa haikuwa na kaske ndani. Masoni anasema yeye ni wa kutumwa. Na ed-masoni, mwenye anabeba ndoo, hakuna mwenye anamuuliza kitu, na yeye ndiye anapita chini ya mzigo mara mingi kuliko wote.

Sababu ya ine ni mazoea. «Niko na miaka kumi na tano, sijaanguka hata siku moja.» Neno hilo linasikika kwenye kila shantie, na linaonekana kama ushahidi. Lakini angalia nani analisema. Mwenye alianguka na kuvunjika mgongo hayuko pale asubuhi ili aseme yake. Yuko nyumbani. Shantie inasikia tu sauti ya wenye walipona, na vijana wanajifunza kutoka kwao kwamba haianguki.

Sababu ya tano ni haya. Kijana mwenye anaomba kamba anachekwa: eti ana woga, arudi kwa mama yake. Na kuko wenye wanafunga mazungumzo na neno moja: «Mungu iko.» Kumwomba Mungu asubuhi ni vizuri, na hakuna mwenye atakataza. Lakini yule mwenye anasali kabla ya safari bado anaangalia frein ya gari.

Mwisho, kuko vifaa vyenye havivaliki. Kaske tatu kwa watu ishirini. Boti za kipimo kimoja. Kaske nzee yenye kamba ya ndani imekatika, yenye inaanguka kila mara mtu anainama. Zingine zinakaa ndani ya depo na zinatoka siku mgeni anakuja kutembelea. Kama mfanyakazi anaona kaske inatoka siku ya wageni tu, amekwisha kufundishwa: kaske ni ya kupiga picha.

Kitu gani kinaweza kubadilika?

Ukiangalia sababu hizo, utaona kwamba kumhubiri masoni peke yake hakutoshi. Mwenye pesa na mwenye amri ndio wanaanza.

Mwenye kujenga nyumba, usalama uingie kwenye devi kama mstari wake mwenyewe, sawa na simenti na vyuma. Andika: kaske kadhaa, mbao za eshafodaje, siku za kuijenga, sanduku la dawa za kwanza. Ukiweka bei ya kaske kumi kando ya bei ya simenti yote ya nyumba yako, utaona mwenyewe kama ni kaske zenye zinakuzuia kumaliza. Na mbele ya kusaini, uliza injenieri swali moja: «Mtu akiumia hapa, nani anamlipia hospitali?» Kama kila mtu anaangalia chini, jua jibu linaweza kukurudilia wewe.

Tasheroni, lipa saa za kujenga eshafodaje. Usiziache ndani ya forfe. Hiyo ndio inabadilisha tabia haraka kuliko onyo lolote, sababu inamtoa fundi kwenye vita kati ya usalama na pesa yake.

Kapita, watu wanaangalia kichwa chako mbele ya kusikiliza mdomo wako. Kama wewe hauvai kaske, hakuna mwenye atavaa. Chukua dakika tano kila asubuhi mbele kazi ianze. Zunguka na watu wako: mbao hii iko sawa? Udongo ulipasuka usiku? Mvua ilinyesha? Nani anafanya kazi chini ya nani leo? Na kama mtu anakuambia «hapa naona hatari», usimcheke. Siku ukimcheka ndio siku ya mwisho atakuambia kitu.

Kwa masoni na ed-masoni, haya ni mambo yenye hayangoji pesa ya mtu:

- Ngazi iegemee vizuri: kwa kila metre 4 za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani metre 1. Ipite fasi ya kushukia metre 1 hivi, ili uwe na kitu cha kushika.
- Ng'oa ao pinda misumari ya mbao zenye zimetolewa, siku ileile.
- Udongo wenye umechimbwa usiurundike kwenye ukingo wa shimo. Unasukuma ukuta ndani.
- Ukiona mpasuko juu ya mteremko, toka kwanza, ndipo uite kapita.
- Osha simenti kwenye ngozi na maji safi mbele haijakauka.
- Uliza kituo cha afya juu ya chanjo ya tetanosi.
- Kila siku unafanya kazi, andika tarehe, jina la shantie na pesa yenye ulipewa. Kikaratasi kinatosha, ao simu. Hizo siku 22 za sheria zinaanzia hapo.

Na kama ajali imekwisha kufika?

Mtu mwenye ameanguka usimwinue mbio kumpandisha kwenye pikipiki. Kama mgongo ao shingo imevunjika, kumkunja kunaweza kumfanya apooze maisha yote. Mwache alale bila kutikisika, zuia damu na nguo safi, tafuta ubao wa kumbebea, watu wengi wamwinue pamoja, kichwa na mwili vikibakia msitari mmoja. Kwa mwenye amefunikwa na udongo, msikimbilie wote ndani ya shimo. Udongo unaweza kushuka mara ya pili na kufunika wenye walikuja kuokoa.

Kisha kuko kazi ingine yenye familia nyingi zinaisahau juu ya uchungu. Andikeni saa, fasi, na majina ya wenye waliona. Pigeni picha mbele eshafodaje haijabomolewa. Chukueni karatasi ya muganga yenye inasema ajali ilitokea kazini. Ombeni patroni atangaze ajali kwa CNSS, na kama anakataa, pelekeni mambo kwa Inspection du Travail ao kwa sendika. Mara nyingi patroni anakuja na bahasha kidogo na karatasi ya kusaini. Bahasha ya leo inaweza kulipa dawa za juma moja. Mguu wenye umekatwa ni wa miaka yote yenye inabakia. Msisaini kitu chenye hamjasomewa vizuri.

Majumba haya yenye yanapanda kwenye milima yetu ni mazuri, na mji unahitaji nyumba. Mwaka wa 2022 Shirika la Kazi Ulimwenguni, OIT, liliingiza usalama na afya ya kazi kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Hapa kwetu haki hiyo itaonekana siku masoni ataweza kusema «mbao hii imeoza, tuibadilishe», na kesho yake bado akute jina lake kwenye listi ya kazi.